Waliokosa Ruzuku Wana Haki ya Kujibiwa

Hapa Uganda, karibu kila tangazo la ruzuku linalobandikwa kwenye ubao wa gombolola, ngazi ya serikali iliyo chini ya wilaya, au linalozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, huishia na sentensi ileile: ni waombaji waliochaguliwa tu ndio watakaojulishwa. Watu wameizoea hata hawaisomi tena. Mimi tangazo la ruzuku nalianzia hapo chini, kwa sababu sentensi hiyo inanieleza habari za mfuko husika kuliko aya zote za juu zinazosifu jamii, ushirikishwaji na uwezeshaji. Inasema kwamba wengi wa watakaohangaika kuomba hawatasikia neno lolote, na kwamba mwenye mfuko haoni tatizo.

Mfadhili aliye Brussels au Washington anaweza kuishi hivyo. Hatakutana sokoni Mpondwe na mtu aliyemnyima. Wakfu wa jamii hauna bahati hiyo. Aliyenyimwa anauza nyanya mbele ya ofisi yake, anaswali msikiti mmoja na mwenyekiti wa bodi, mtoto wake anasoma na mtoto wa mhasibu. Ndiyo maana naona njia nzuri ya kuupima mfuko wa jamii ni kuangalia unavyowatendea wale ambao haukuwapa. Picha za makabidhiano ya hundi hazituambii kitu. Kila mtu hutabasamu anapopokea fedha.

Kwa wasiouzoea, wakfu wa jamii ni mfuko wa mahali. Unachangisha wafanyabiashara, wenyeji waliohamia nje, kampuni, na mara nyingi bado unaegemea wafadhili wa ng'ambo; kisha kamati ya watu wa hapohapo inagawa fedha kwa vikundi na mashirika ya eneo hilo. Wa kwanza ulianzishwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914, na mwanabenki aitwaye Frederick Goff. Goff alichoshwa na wasia za marehemu: tajiri anaacha fedha kwa shughuli fulani, shughuli inapitwa na wakati, na fedha zinabaki zimefungwa na matakwa ya mtu aliye kaburini. Akazitenganisha kazi mbili. Benki zitunze fedha, na kamati ya kando iamue ziende wapi, huku baadhi ya wajumbe wake wakiteuliwa na wenye vyeo vya umma kama meya na majaji. Kwa hiyo mkazi wa Cleveland alikuwa na mtu wa kumuuliza kwa nini huyu kapewa na yule kakosa. Wazo la mfuko lilipofika kwetu, kipengele hicho cha kuwa na wa kuulizwa kiliachwa njiani.

Majirani zetu Kenya wana Kenya Community Development Foundation tangu 1997, na moja ya desturi zake ni kuitaka jamii ichange sehemu yake ndipo mfuko uongeze. Hapa Uganda ugawaji wa fedha kwa mashirika umeishi miaka mingi chini ya wafadhili wakubwa, na wakubwa hao wamekuwa wakiondoka mmoja baada ya mwingine. Democratic Governance Facility, mfuko wa pamoja wa nchi za Ulaya, ulianza mwaka 2011, ukasimamishwa kwa agizo la Rais mwanzoni mwa 2021, ukaruhusiwa tena katikati ya 2022, kisha ukafunga mwisho wa mwaka huohuo. Januari 2025 Marekani ikasitisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai USAID ilikuwa imekwisha kama shirika linalojitegemea. Mashirika ya Kampala yaliyokuwa yakiomba bilioni sasa hayaoni aibu kuomba milioni 20, na yakija kuomba yanakuja na waandishi wao wa maandiko ya kuombea fedha, wahasibu wao na ripoti zao zenye picha za rangi. Kikundi cha kijiji kilichokuwa kikishindana na vikundi vya vijiji vingine sasa kinashindana na hao. Waliokosa wataongezeka, na hapo ndipo swali la kuwajibu linapokuwa zito.

Tufanye hesabu ya kubuni, ila ya kawaida. Mfuko una shilingi milioni 300, unataka kutoa ruzuku 15 za milioni 20 kila moja. Wanaomba 240. Waliokosa ni 225. Tuseme kila mwombaji ametumia shilingi 200,000 kuandaa maombi: nauli, kuchapa, fotokopi, muhuri, simu, chai ya kikao. Waliokosa peke yao wametumia milioni 45. Kwa maneno mengine, ili mfuko ugawe milioni 300, jamii imelipa milioni 45 ambazo hazikuingia mradi wowote, na waliolipa zaidi ni wale wasio na mshahara wa mtu wa kuandika. Sijawahi kuona gharama hiyo kwenye ripoti ya mwaka ya mfuko wowote. Gharama za utawala wa mfuko zinaandikwa hadi bei ya karatasi za chooni. Gharama aliyobebeshwa mwombaji haipo popote.

Hizo laki mbili zinakwenda wapi? Chukua mfano wa akina mama wanaotengeneza sabuni ya maji Base Camp, Nakivale, makazi ya wakimbizi kule Isingiro, ambako Kiswahili cha Kongo ndicho lugha ya soko na ya kikao. Daftari lao la kikundi ni la mistari, limefunikwa kwa karatasi ya kaki, na ndani yake kuna majina, michango ya kila Jumamosi, mikopo na alama ya vema kwa aliyelipa. Mtu yeyote anayejua kusoma anaweza kuona kwa dakika chache nani anadaiwa nini. Tangazo linataka nakala ya usajili, barua ya kiongozi, taarifa ya benki ya miezi sita, hesabu zilizokaguliwa, na andiko la kurasa kumi kwa Kiingereza. Basi mwenyekiti anakwenda kwa mwenyekiti wa RWC, baraza la wakimbizi wenyewe, kupata barua, kisha ofisi ya kamanda wa makazi, ile ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kugongewa muhuri. Mhusika hayupo, arudi kesho. Kijana wa duka la kuchapa analipwa kwa ukurasa kutafsiri, na kwa kuwa analipwa kwa ukurasa, andiko linanenepa. Sabuni inageuka kuwa "uwezeshaji wa kiuchumi wa wanawake walio katika mazingira magumu". Boda hadi barabara kuu, taksi hadi Mbarara, kwa sababu bahasha inapokelewa kwa mkono tu. (Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Fomu za ruzuku bado hazijapata habari.)

Baada ya hapo, kimya. Mwezi, miwili, mitatu. Mwishowe mama mwenyekiti anapiga simu, na sauti ya upole upande wa pili inamwambia: "Pole sana mama, mlikaribia. Jaribuni tena mwakani."

Mlikaribia nini? Walikosa alama moja au hamsini? Kuna karatasi iliyokosekana au wazo halikueleweka? Mwakani wafanye kipi tofauti? Neno hilo la kufariji linawatuma watu wenye mtaji wa sabuni wakatumie laki mbili nyingine kurudia yaleyale. Afisa anayelisema si mtu mbaya. Mara nyingi hana jibu, kwa sababu hakuna aliyeandika sababu.

Ukiingia kwenye chumba cha kutoa alama utaelewa kwa nini. Majedwali ya alama nchini yanafanana kama sare za shule. Umuhimu wa tatizo alama 20, mpango wa kazi 25, uwezo wa shirika 25, bajeti 20, uendelevu 10. Kila msomaji anapewa rundo la mafaili Ijumaa na anatakiwa arudishe Jumatatu. Faili la kwanza linasomwa kwa makini hadi viambatisho. La ishirini linasomwa ukurasa wa kwanza, bajeti, na mtu anapiga miayo. Wasomaji wawili wanaweza kutofautiana kwa alama thelathini juu ya andiko hilohilo, na dawa iliyozoeleka ni kuchukua wastani, kana kwamba wastani wa makosa mawili ni ukweli. Kisha mstari unachorwa: mwenye 71 kapata, mwenye 70 kakosa. Hakuna binadamu anayeweza kueleza tofauti ya alama moja hiyo.

Alama 10 za uendelevu zina kisa chake. Fomu inauliza: fedha zikiisha, mtaendeleaje? Kikundi kilichodumu miaka minane bila ruzuku yoyote kinajibu kwa ukweli kwamba kitaendelea kama kilivyokuwa kikiendelea. Kinapata alama 3. Shirika lililoajiri mwandishi linajibu kwamba litaendelea "kupitia ushirikiano wa kimkakati na wadau mbalimbali". Linapata 8. Kati ya hao wawili ni nani ameonyesha kwamba anaweza kuendelea bila ruzuku? Ningekuwa na mamlaka ningelifuta swali hilo lote na badala yake niulize: mmekuwa mkifanya nini kabla hamjatusikia?

Turudi kwa wale 225. Kosa kubwa la mifuko mingi ni kuwatia wote kapu moja, wakati kuna kunyimwa kwa namna tatu, na kila namna ina jibu lake.

Kuna waliokwama mlangoni. Katika hesabu yetu tuseme ni 90: hawana kibali, wako nje ya eneo, wameomba fedha kuliko kiwango. Hawa mfuko unawajua ndani ya wiki ya kwanza. Kuwaweka miezi minne wakisubiri ni uvivu tu, kwani ujumbe wa simu wa mstari mmoja ungetosha. Ila hapa niseme na upande wa mfuko, maana mlango huu haukujengwa na mfuko peke yake. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2016 inataka shirika liwe limesajiliwa na liwe na kibali, na kikundi cha kijamii cha ngazi ya gombolola kushuka chini kina utaratibu wake wilayani. Agosti 2021 serikali ilisimamisha mashirika 54 kwa mkupuo, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni vibali vilivyokwisha muda na ripoti ambazo hazikuwasilishwa. Tangu 2024 ofisi inayosimamia haya imeingizwa moja kwa moja ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Ongeza Sheria ya Kuzuia Utakatishaji Fedha ya 2013, ambayo ilipotungwa iliyahesabu mashirika haya miongoni mwa wenye wajibu wa kutoa taarifa, na miaka minne ambayo Uganda ilikaa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachofuatilia utakatishaji fedha, kuanzia Februari 2020 hadi Februari 2024, ambapo benki zilizidi kuhofia kila akaunti yenye jina la kikundi. Meneja wa mfuko anayemwaga milioni 20 kwa kikundi kisicho na karatasi anahatarisha mfuko mzima.

Nalikubali hilo. Nisichokikubali ni sheria kutumiwa kama pazia. Ipo njia ya shirika mlezi: kikundi kisicho na kibali kinaomba kupitia shirika lenye kibali, linalopokea fedha na kuzitolea hesabu kwa makubaliano yaliyoandikwa, kwa ada inayojulikana mapema. Mfuko unaojua eneo lake unaweza kuwa na orodha ya walezi watano au sita wanaoaminika na kuiweka kwenye tangazo. Hapo aliyekwama mlangoni anaondoka na anwani mkononi. Wakimbizi wanaihitaji njia hii kuliko wote. Usajili kwao ni mlima mrefu zaidi, na bado ndio waliotoa mfano mzuri wa mwombaji kugeuka mgawaji: YARID, shirika lililoanzishwa na wakimbizi wa Kongo jijini Kampala mwaka 2007, leo ni sehemu ya muungano wa RRLI unaotoa ruzuku kwa mashirika yanayoongozwa na wakimbizi wenyewe. Aliyewahi kupanga foleni na bahasha mkononi huandika fomu fupi.

Kuna waliosomwa wakaonekana hawajafikia kiwango. Tuseme 75. Hawa ndio wanaostahili maelezo marefu kidogo, na maelezo hayo tayari yapo: msomaji aliyetoa alama 9 kati ya 25 kwenye mpango wa kazi lazima alikuwa na sababu kichwani. Mlazimishe aiandike kwa sentensi mbili, kwa lugha ambayo mwombaji ataielewa, na umwambie tangu mwanzo kwamba sentensi hizo zitapelekwa kwa mwombaji. Utaona mambo mawili. Alama zitatolewa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu mtu anayejua atasomwa hupunguza usingizi. Na yale maneno ya kupaka rangi, kama "andiko halina mantiki ya mabadiliko", yatapungua, kwa kuwa msomaji ataona haya kumwambia hivyo muuza sabuni.

Namna ya tatu ndiyo inayoniudhi. Waombaji 75 walifikia kiwango, 15 wakapewa, 60 wakakosa kwa sababu fedha zimekwisha. Basi. Wazo lao lilikuwa zuri, hesabu zao safi, uongozi wao unaaminika. Mfuko ulikuwa mdogo. Lakini hawaambiwi hivyo. Ama hawaambiwi lolote, au wanapewa barua ileile ya waliofeli, na wanarudi kijijini wakiamini hawafai. Nimeona vikundi vikivunjika baada ya hapo. Wanachama wanasema mwenyekiti hakujua kuandika, au alikula nauli. Mfuko ulioshindwa kusema "mlifaulu, sisi ndio tulioishiwa" umemwachia mwenyekiti mzigo usio wake.

Kwa hawa 75 ningependa tuzungumzie jambo ambalo wengi watalikataa kabla sijamaliza kulieleza: kura ya bahati. Kamati ihakikishe nani amefikia kiwango, kisha majina yatiwe kwenye chombo na kuchomolewa hadharani. Wazo hili halikuanzia kwa wacheza kamari. New Zealand, baraza la utafiti wa afya limelitumia kwa baadhi ya ruzuku zake tangu 2013. Ujerumani, Volkswagen Foundation ililijaribu. Na Uingereza, British Academy ililianzisha mwaka 2022 kwa ruzuku zake ndogo za utafiti. Wote waliona kilekile tulichokiona kwenye chumba cha alama: juu ya kiwango fulani, tofauti za alama ni bahati nasibu iliyovalishwa suti. Heri ijulikane kuwa ni bahati.

Na kwetu si geni. Wanawake wa likelemba, wanaochangiana fedha na kuzipokea kwa zamu, huchomoa vikaratasi kuamua nani atapokea wa kwanza na nani wa mwisho, na aliyechomoa namba ya mwisho hanung'uniki kwa sababu aliuona mkono ukiingia kwenye bakuli. Angenung'unika kama mhazini angekaa chumbani na marafiki zake wawili, kisha akatoka na orodha. Najua pingamizi: mfadhili mkubwa hatakubali fedha zake zigawiwe kwa vikaratasi, na mjumbe wa kamati atahisi amenyang'anywa kiti. La pili ndilo zito kuliko la kwanza. Kugawa ruzuku ni madaraka, na mji mdogo unayanusa madaraka kutoka mbali. Mjumbe wa kamati hukaribishwa harusini mbele, hubebewa kuku. Mwambie sasa kazi yake ni kusema tu nani amefika kiwango na bakuli litamaliza, uone kama atakuja kikao kijacho.

Hilo linatufikisha kwenye undugu. Mwongozo wa mgongano wa maslahi huchukuliwa mzima kutoka kwa wafadhili wa nje: mjumbe asiwe na uhusiano na mwombaji. Fort Portal? Bwera? Mji ambao nusu ya watu ni shemeji wa nusu nyingine? Ukitumia kanuni hiyo kwa dhati hutapata kamati. Ukiitumia kwa danadana, kila mtu atatia saini kwamba hamjui mtu yeyote, na huo ni uongo wa kwanza kwenye faili. Kisha tunashangaa uongo wa pili unatoka wapi. Tena kujuana ndiyo faida ya mfuko wa jamii. Mjumbe anayejua kwamba kikundi fulani chenye andiko baya ndicho kilichochimba mtaro baada ya mto Nyamwamba kufurika ana habari ambayo hakuna faili itakayoileta. Njia ya kati ni kutangaza na kuandika: mjumbe aseme anamjuaje mwombaji, maneno yake yaingie kwenye kumbukumbu, aseme anachokijua, kisha atoke nje wakati wa kuamua ikiwa ni ndugu wa karibu au ana fedha zake humo. Na mwombaji aliyekosa, akiomba, aonyeshwe kwamba shemeji wa aliyepata alikuwa nje ya chumba saa hiyo. Barua ya sababu bila kumbukumbu kama hizo haina uzito, maana mtaani swali la kwanza si "tulikosea wapi?" Swali la kwanza ni "nani alikuwemo?"

Watendaji wa mifuko huniambia: sisi ni watu wawili na nusu, utatuandikiaje barua 225? Nawaelewa, lakini hesabu haiwabani kama wanavyodhani. Wale 90 wa mlangoni ni ujumbe mmoja wa simu unaotumwa kwa mkupuo wenye sababu tatu au nne zilizotajwa kwa herufi. Wale 60 walioangushwa na uhaba ni barua moja iliyo sawa kwa wote, yenye alama zao, iliyogongwa muhuri. Barua hiyo ni mali: kikundi kinaweza kuipeleka kwa mfadhili mwingine kuonyesha kwamba kilikaguliwa kikafaulu. Wanabaki wale 75 wasiofikia kiwango, wenye maelezo ya sentensi mbili mbili kwenye kila kipengele, ambayo wasomaji walishayaandika. Na kama bado ni nyingi, basi shida iko kwenye fomu. Ukiwauliza watu ukurasa mmoja kwanza, kwa lugha wanayoiweza, hata kwa kuzungumza mbele ya afisa anayeandika, wengi watajua mapema kwamba hawahusiki, na ile milioni 45 itashuka sana. Hesabu zilizokaguliwa wadaiwe wale walioingia raundi ya pili, tena mfuko uzilipie kwa vikundi vidogo. Mkaguzi hafanyi kazi kwa shukrani.

Wengine huniambia kwa sauti ya chini kwamba ukitoa sababu unakaribisha ubishi: diwani atapiga simu, mchungaji atakuja na ujumbe, mtu atatishia kwenda redioni. Ni kweli. Ila redioni wanakwenda hata sasa, na wanakwenda na uvumi. Mfuko wenye sababu zilizoandikwa na mtu mmoja wa kupokea malalamiko, asiyekuwa kwenye kamati, una kitu cha kusoma hewani. Usio na chochote unabaki kusema "tulifuata utaratibu", maneno ambayo Uganda hii hayajamshawishi mtu tangu zamani.

Jambo moja watendaji hawalitaji, nalo linagusa mfuko wenyewe. Wakfu wa jamii unataka kuchangisha watu wa jamii hiyohiyo. Unamwendea mfanyabiashara wa kahawa Kasese umwombe atoe milioni moja kwa mwaka. Mke wake yuko kwenye kikundi kilichokaa miezi mitano bila kujibiwa. Mpwa wake alichapa lile andiko. Waombaji 225 wakizidishwa kwa wanachama ishirini kila kikundi ni watu 4,500 walioguswa na mfuko kwa namna moja tu, ile ya kukosa. Waliopata, kwa hesabu hiyohiyo, ni 300. Wachangishaji hupenda kuwapeleka wageni kwa hao 300.

Lakini hata kwa mfuko usiojali kuchangisha, rundo la waliokosa lina habari ambayo haipatikani kwingine wilayani. Waombaji 240 wamekaa vikaoni, wakabishana, wakaandika wanachokihitaji na kinagharimu kiasi gani, kijiji kwa kijiji. Ikiwa arobaini wameomba maji na kamati imempa mmoja, wale thelathini na tisa wameshachora ramani ya kiu bila malipo. Kwa sasa ramani hiyo inafungwa kwa kamba na kuwekwa juu ya kabati. Wilaya zetu zina kongamano la bajeti kila mwaka, ambako wakuu wa idara husimama na kusema mahitaji ya wananchi ni yapi. Mfuko ungeweza kwenda pale na kurasa mbili tu: walioomba wangapi, kwa jambo gani, kutoka gombolola ipi, na wangapi walifikia kiwango wakakosa fedha, baada ya vikundi vyenyewe kukubali kutajwa. Mwenyekiti wa wilaya akiuliza takwimu hizo zimetoka wapi, jibu ni rahisi: zimetoka kwa watu walioandika wenyewe, kwa nauli yao, na anwani zao ziko mwishoni mwa kila fomu.